Fumo Liongo na Masala Kulangwa Mbele ya Kioo: Ngano za Kale na Mchezo wa Kubofya

Utangulizi

Kirumba ni kata ya jiji la Mwanza inayofahamika kwa mambo mawili: uwanja wa mpira na mwalo. Mwaloni hushushwa dagaa na samaki wakavu kutoka Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya Ziwa Viktoria, na hapo hukutana wanunuzi wa Kongo, Rwanda na Burundi ambao hupatana bei kwa Kiswahili. Nyuma ya magunia hayo, katika vichochoro vya makazi, kuna vibanda ambamo vijana hulipa kwa mechi ili wacheze gemu. Mchezo unaotawala humo ni soka. Baada yake hufuata mapigano na mbio za magari. Mtu akikaa mlangoni mwa kibanda kama hicho kwa nusu saa atasikia Kiswahili kingi na chenye uhai, ila karibu chote hutoka vinywani mwa wachezaji na watazamaji. Mashine yenyewe huongea lugha nyingine na hakuna anayeisikiliza. Haidhuru, kwani bao hufungwa bila tafsiri.

Ipo aina nyingine ya mchezo wa kompyuta ambayo si rahisi kuikuta katika vibanda hivyo. Ndani yake hakuna mbio wala kushindana kwa wepesi wa vidole. Mchezaji huona picha ya mahali fulani, labda ua wa kasri, jiko la watawa au njia ya msituni, na huelekeza kipanya juu ya kitu na kubofya. Mhusika huenda, hutazama, huokota, husema na watu, huweka vitu mkobani, na huvitoa baadaye anapokwama. Kinachomsogeza mbele ni kuelewa aliloambiwa. Asiyeelewa lugha ya mchezo huo hushindwa hata kuuanza. Katika mhadhara huu aina hiyo itaitwa mchezo wa kubofya, na mifano itakayoshughulikiwa zaidi ni ile inayosimulia mambo ya zama za kati.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba muundo wa mchezo huu si mgeni katika Afrika Mashariki. Ngano za pwani na za kanda ya ziwa zilikuwa na muundo huo kabla ya kuwapo umeme. Kilicho kigeni ni lugha yake, na ugeni huo umeingia ndani zaidi ya maneno yanayoonekana kwenye kioo.

Kutoka pangoni hadi kanisani

Historia ya mchezo wenyewe ni fupi na inaweza kupitiwa haraka. Mnamo mwaka 1976 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Will Crowther, aliyekuwa pia mpenzi wa kutambaa mapangoni, alitunga programu iliyomruhusu mchezaji kutembea ndani ya pango kwa maneno matupu. Hapakuwa na picha. Mchezaji aliandika amri ya neno moja au mawili, na mashine ilimjibu kwa sentensi. Mwaka uliofuata Don Woods aliipanua programu hiyo. Mwaka 1980 zikaongezwa picha za mistari katika mchezo uitwao Mystery House, na mwaka 1984 kampuni hiyohiyo ya Sierra ikatoa King's Quest, ambamo askari wa mfalme hutembea katika nchi ya kasri, majitu na visima. Bado amri ziliandikwa. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1987 katika Maniac Mansion: vitenzi viliwekwa tayari chini ya picha, 15 kwa idadi, na mchezaji akawa anabofya kitenzi kisha anabofya kitu. Tangu hapo historia ya aina hii imekuwa historia ya vitenzi kupungua. Miaka minne baadaye, katika mchezo wa pili wa Monkey Island, vilibaki tisa. Kisha vikageuzwa kuwa picha za jicho, mkono na mdomo, na leo mara nyingi ni mbofyo mmoja tu.

Zama za kati za Ulaya zimependwa sana na watunzi wa michezo hii, na sababu yake si mapanga peke yake. Ni zama za milango iliyofungwa, za barua zinazobebwa mkononi, za siri za mtawala na watu wanaojificha chini ya joho la mwingine. Mchezo wa Conquests of the Longbow, uliotungwa na Christy Marx na kutolewa mwaka 1991, humfanya mchezaji kuwa Robin Hood. Hujigeuza kwa mavazi, hufumbua mafumbo, hucheza hata mchezo wa kete wa kale, na mwishoni hufikishwa mbele ya hukumu ambapo anaweza kusamehewa au kunyongwa kulingana na aliyowatendea watu njiani. Kati ya mwaka 2017 na 2018 kampuni ya Daedalic ya Hamburg ilitoa kwa sehemu tatu mchezo uliotokana na riwaya ya Ken Follett ya mwaka 1989, The Pillars of the Earth, kuhusu ujenzi wa kanisa kuu katika Uingereza ya karne ya 12, wakati ndugu wa ukoo mmoja walipogombea taji. Mwaka 2022 ukatoka Pentiment wa kampuni ya Obsidian, unaoanza mwaka 1518 katika kijiji cha kubuni cha Bavaria; huo utarejewa baadaye.

Mfungwa na mkate wa makapi

Katika upwa wa kaskazini mwa Kenya kuna kisa cha mpiga upinde aliyewindwa na mtawala, kisa ambacho hakihitaji kuazima chochote kwa Robin Hood. Fumo Liongo amewekwa na wanahistoria katika nyakati zinazoachana mno: wapo wanaomtanguliza kabla ya karne ya 14, na wapo wanaomshusha hadi karne ya 16 au ya 17. Simulizi ya nathari iliyochapwa na Askofu Edward Steere mwaka 1870 inamweka katika siku ambazo mji wa Shanga ulikuwa umestawi. Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulichimbuliwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, na ushahidi wake unaonyesha makazi ya tangu karne ya 8 yaliyohamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Hilo halithibitishi kwamba Liongo aliishi humo. Linaonyesha tu kwamba wasimulizi walipotaka kumpa shujaa wao zamani ya mbali, walijua mahame ya kuielekezea kidole. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, malenga, mwandishi wa hati na mchonga nakshi, alikitia kisa hicho katika utenzi, ambao baadaye M. M. Mulokozi aliuhariri katika Tenzi Tatu za Kale (1999).

Yafaa kukisoma kisa hiki polepole, kwa jicho la mtu aliyewahi kukwama katika mchezo wa kubofya. Liongo yuko bara pamoja na watu wa msituni waliohongwa wamuue. Wanaanzisha kula kikoa cha makoma: kila mmoja kwa zamu apande mkoma na kuwaangushia wenziwe matunda. Zamu ya Liongo ikifika, atakuwa juu ya mti, mikono imeshika, na mishale itamfuata. Hawezi kukataa bila kuonyesha kwamba amewatambua, na akipanda amekufa. Liongo anachukua upinde wake na kuyatungua makoma akiwa chini. Hilo ni fumbo kamili la mchezo wa kubofya: kitu ulicho nacho tangu mwanzo, ulichodhani ni cha vita, kinatumika kwa kazi ambayo hukuifikiria.

Baadaye anafungwa gerezani kwa pingu. Mama yake humpelekea chakula kizuri kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hukila kizuri na kumwachia mabaki. Liongo anaimba. Ndani ya wimbo ameficha agizo kwa mama yake: aoke mkate wa makapi na ndani yake atie tupa. Walinzi wanausikia wimbo wote bila kuambulia maana. Mkate unapofika wanautazama, wanaona ni wa makapi, wanaudharau na kumpa mfungwa. Sasa anayo tupa, ila kukereza chuma kuna kelele. Kwa hiyo anawafundisha watu nyimbo za ngoma ya gungu, wakusanyike na pembe na matoazi. Wanapopaza sauti yeye hukereza, wanaponyamaza naye hunyamaza, hadi pingu zikakatika.

Mtunzi wa michezo angeihesabu sehemu hii kuwa ina hatua nne: ujumbe, kifaa, maficho ya kifaa, na kelele ya kuficha kelele. Kila hatua hufungua ile inayofuata, na hakuna hata moja inayoweza kurukwa. Tena hatua ya kwanza, inayozifungua zote, ni ya lugha. Mama ameelewa na mlinzi hakuelewa, ingawa wote wawili wamesikia maneno yaleyale. Kwa Kiswahili, isitoshe, watu wale wa gungu walikuwa wakicheza. Kitenzi -cheza hakitenganishi anayecheza ngoma, anayecheza bao na anayecheza gemu pale Kirumba, na mchezo uliomwokoa Liongo ulikuwa mchezo kwa maana zote hizo.

Mwisho wa Liongo nao unajulikana. Mwanawe, akiwa ameahidiwa zawadi na mtawala, anamdadisi baba yake hadi anaijua siri: sindano ya shaba kitovuni. Anamchoma akiwa usingizini. Liongo anaamka, anachukua upinde, anapiga goti karibu na kisima na kufa akiwa ameuvuta. Mji mzima unakaa bila maji kwa hofu ya maiti. Mwana ahadi zake hazimfai kitu. Mchezo wa mwaka 1991 uliomhukumu Robin Hood kwa matendo yake ulisifiwa kwa kuwa na miisho kadhaa; utenzi una mwisho mmoja tu, lakini ndani yake kila mhusika amepewa hukumu yake.

Masala Kulangwa anauliza

Kutoka Lamu hadi Mwanza ni mbali, na ngano za ziwa hazikutokana na zile za pwani. Hata hivyo Alice Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu visakale vya Wabantu, aliviweka pamoja kisa cha Liongo na visa vya dubwana mmeza watu, ambavyo vimeenea hadi kusini mwa bara. Kwa Wasukuma dubwana hilo linaitwa Shing'weng'we. Lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika chungu ya makapi. Msikilizaji atakuwa ameyatambua makapi: yale yaliyoficha tupa kule pwani, huku yanaficha mtoto. Hakuna haja ya kutafuta uhusiano wa kihistoria. Katika jamii zote mbili makapi ni kitu kilicho mbele ya macho ya kila mtu na kisichotazamwa na yeyote, na hapo ndipo msimulizi mjanja huficha jambo lake.

Mtoto aliyezaliwa akaitwa Masala Kulangwa, jina la mtu mwerevu aelewaye upesi. Alipokua akamuuliza mama yake watu wengine wako wapi. Akaambiwa. Akatoka na upinde, akaua panzi, akaja mbio: mama, nimemuua Shing'weng'we! Mama akamjibu kwamba huyo ni panzi tu, wamchome wamle. Akaua ndege, jibu likawa lilelile. Akaua paa, bado. Kila safari mnyama ni mkubwa kuliko wa jana, na kila safari mama hamkemei. Mwisho akakutana na dubwana lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka pamoja na baba yake.

Anayejua michezo ya kubofya anajua kwamba sehemu kubwa ya starehe yake imo katika majibu ya makosa. Mchezaji hujaribu kufungua mlango kwa samaki, na mashine humjibu kwa dhihaka ya upole. Panzi wa Masala Kulangwa ni jibu la namna hiyo, na watoto wanaosimuliwa ngano hii husubiri kurudiwa kwa jibu la mama kuliko wanavyosubiri kifo cha dubwana. Kitendawili nacho kina utaratibu wake wa aliyekwama: huombwa mji. Aliyetegewa akishindwa hutoa mji, labda Bukoba au Tabora, naye mtegaji huupokea, huenda huko kwa maneno, hula na kunywa, hujisifu kidogo, kisha ndipo hutoa jibu. Kushindwa kunalipiwa kwa hadithi. Michezo ya Ulaya na Marekani ilichukua miaka mingi kugundua kwamba mchezaji aliyekwama asiadhibiwe kwa kurudishwa mwanzo.

Ipo tofauti moja ya wakati ambayo mwanahistoria hana budi kuitaja. Zama za kati za Ulaya ziko mbali. Mchezaji wa Hamburg hajawahi kuonana na mtu aliyeishi chini ya abati mwenye mamlaka ya kuhukumu. Huku Usukumani zama za watemi zilikoma kisheria mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilipofuta mamlaka ya machifu. Wazee waliopata kumwona mtemi akiamua mashauri bado wapo. Katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, yaliyoasisiwa na Padre David Clement, ngoma na viti vya watemi vimehifadhiwa. Kwa hiyo neno zamani katika ngano ya Shing'weng'we halina umbali lilio nao neno hilo katika King's Quest, na mtunzi atakayeligeuza kuwa pambo la kasri na mienge atakuwa amekosea mahali alipo.

Kitenzi kisichokubali kuwa kitufe

Sasa lugha. Amri ya mchezo wa kwanza wa Crowther ilikuwa kitenzi na nomino, kwa sababu Kiingereza kinaruhusu kitenzi kikavu kisimame peke yake mbele ya nomino yoyote bila kubadilika. Vitufe 15 vya mwaka 1987 vilitokana na tabia hiyo. Tuseme sasa kwamba kijana mmoja wa Kirumba anataka kutengeneza mchezo wa Liongo kwa Kiswahili, na anaanza kwa kutafsiri vitufe.

Fungua mlango: hapana tatizo. Okota upinde: hapana tatizo. Mpe Saada mkate: hapa panatokea tatizo, kwa sababu kitenzi -pa hakitamkiki bila mpewaji wake. Hakuna amri iitwayo Pa. Kuna nipe, mpe, tupe, wape; mtu lazima awe ndani ya kitenzi kabla kitenzi hakijawa amri. Kitufe cha kutoa kitu kwa mtu hakiwezi kuandikwa kabla ya kujulikana anayepewa, au basi mtengenezaji akimbilie Toa, kitenzi chenye maana pana na butu zaidi. Kwa upande mwingine Kiswahili kina neno moja, mfungulie, ambalo lina anayefunguliwa, tendo, na kwamba limefanywa kwa ajili yake. Mfumo wa vitenzi tisa hauna pa kuliweka.

Majibu ya mashine ndiyo magumu zaidi. Katika Kiingereza jibu moja, kwamba kitu hakifunguki, hutumika kwa vitu vyote mia vya mchezo. Katika Kiswahili mlango haufunguki, kisanduku hakifunguki, sanduku halifunguki, pingu hazifunguki. Programu lazima iwe na habari ya ngeli ya kila kitu mkobani, la sivyo itazungumza kama mgeni aliyeteremka melini jana. Na tupa yenyewe, kifaa muhimu kuliko vyote katika kisa, ni nomino iliyofanana kabisa na kitenzi. Mchezaji wa zamani aliyeandika amri kwa herufi angeandika tupa, na mashine isingejua kama ameomba kifaa au ameamua kukitupilia mbali.

Hayo si malalamiko dhidi ya Kiswahili. Kazi ya kuileta lugha katika kompyuta ilikwishafanyika kwa sehemu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Lakini programu ya ofisi ina vitufe vinavyojitosheleza, kama Hifadhi na Chapa. Mchezo wa masimulizi unadai sentensi, na sentensi inadai upatanisho. Panapokosekana mtu wa kulifanyia kazi jambo hilo, njia rahisi ni kuchukua mchezo uliokwisha kuundwa na kubandika maneno ya Kiswahili juu ya mifupa ya Kiingereza. Vibanda umiza vilikwishapata suluhisho lao wenyewe: mtafsiri wa filamu hakubandika maneno, aliongea juu ya filamu nzima kwa sauti yake, akaisimulia upya na mara nyingine akaisahihisha. Huo ni ustadi wa msimulizi. Kwa bahati mbaya mchezo haumsubiri msimulizi amalize.

Upande wa utajiri mfano mmoja watosha. Kwa Kiswahili mtu hutega mtego, hutega kitendawili, na hutega sikio. Kitenzi ni kimoja, na kwa kuongezewa -u- huwa kutegua, yaani kuuondoa mtego au kulifumbua fumbo, kama vile kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kukunja na kukunjua. Mchezo uliobuniwa ndani ya Kiswahili tangu mwanzo ungeweza kuwa na vitufe vichache sana, kila kimoja na kinyume chake. Kitufe cha Tega kingemsaidia Masala Kulangwa msituni, mbele ya mlinzi mwenye kitendawili, na nyuma ya ukuta anapotaka kusikia mazungumzo. Mchezaji angegundua maana ya pili na ya tatu ya kitenzi kama anavyogundua ufunguo.

Gharama ya kuvuka

Linabaki swali zito kuliko la ngeli. Kirumba inasema Kiswahili, lakini Shing'weng'we hakumezea watu wake kwa Kiswahili. Kisa chake kinapofika mwaloni kimekwisha kuvuka lugha mara moja.

Ukingo huu wa ziwa unajua gharama ya kuvuka huko. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Mwanza, alimaliza mwaka 1945 riwaya kubwa kuhusu maisha ya Wakerewe kabla ya wakoloni. Aliiandika kwa Kikerewe, kwa sababu alitaka kuhifadhi pamoja na mambo yenyewe maneno yaliyoyataja. Lugha yenye wasomaji wachache haikupata mchapishaji. Hatimaye yeye mwenyewe, katika uzee, aliigeuza kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika kitabu kilichochapwa. Kiswahili ndicho kilichomwokoa, na ndicho kilichochukua nafasi ya lugha aliyotaka kuiokoa. Kauli zote mbili ni za kweli, na si haki kutaja moja bila ya pili.

Mtengenezaji wa mchezo atasimama mahali aliposimama Kitereza, tena kwa haraka zaidi. Mchezo wa Pentiment unaonyesha njia moja. Humo kila mhusika huzungumza kwa mwandiko wake: mtawa kwa herufi nzito za nyumba ya watawa, mkulima kwa mkono wa haraka, mchapaji kwa herufi za mtambo. Mchezaji hujua nani anasema, na elimu yake ni ipi, kabla ya kusoma maneno. Kijumwa angeielewa mbinu hiyo bila maelezo, kwani kazi yake ilikuwa kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwa mkono mzuri, wakati ambapo herufi za Kirumi zilikuwa zikienea. Katika mchezo wa Usukumani mama angeweza kumjibu mwanawe kwa Kisukuma, mlinzi akaongea Kiswahili cha misafara, na mchezaji akalazimika kujifunza maneno machache ya mama ili aendelee. Kutoelewa kungekuwa sehemu ya mchezo, kama ulivyokuwa kwa walinzi wa Liongo, ila safari hii mchezaji angeanzia upande wa walinzi.

Dalili zipo kwamba sauti ya Kiswahili haiogopwi tena na wenye mitaji. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na kampuni yake ya Surgent walitoa Tales of Kenzera: ZAU, mchezo uliojengwa juu ya imani za Kibantu na unaoweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Ni mchezo wa kuruka na kupigana zaidi ya kubofya na kuzungumza, na kiini chake ni kijana anayetaka kumrudisha baba yake kutoka kwa mauti. Masala Kulangwa alimrudisha baba yake pia, na kwa hilo ndipo ngano ya Usukumani inapoachana na michezo mingi.

Maana kwa mchezo wa kawaida tumbo la dubwana likipasuka, majina ya watengenezaji huanza kupanda kwenye kioo. Ngano haiishii hapo. Masala Kulangwa alipokuwa akipasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wote walitoka wakishangilia, na bibi yule alitoka akidai. Hakutaka kusikia kwamba ameokolewa. Alitafuta namna ya kumwangamiza aliyemwokoa, na Masala Kulangwa ilimbidi aende kutafuta dawa, amtibu, ndipo watu wakamfanya mtemi. Jina la cheo hicho hufasiriwa kuwa linatokana na kutema, yaani kukata: kukata msitu, kukata mashauri. Hans Cory, aliyeandika juu ya utemi wa Usukuma mwaka 1951, alielezea kwa kirefu taratibu za kumsimika mtemi. Ngano inamsimika kwa namna yake: kijana aliyekata tumbo akapata sifa hapewi kiti hadi amelishughulikia sikio moja lililokatika kwa mkono wake.

Fundi wa michezo atakayekifikia kisa hiki atakuta amebakiwa na jukwaa zima baada ya ushindi: umati unaocheza ngoma, kisu chenye damu, mkoba wenye mizizi ya dawa ambayo mchezaji huenda aliipita njiani bila kuiokota, na bibi kizee ameketi pembeni, amefunika upande mmoja wa kichwa kwa kiganja, akisubiri kuulizwa.